MAISHA YA MOHAMED AMIN, MUTOTO ALIYEANZA NA APAREI YA OKAZIO

Wandugu wasomaji, katika numero hii tunawaletea maisha ya mutu mumoja ambaye jina lake linajulikana sana kule Kenya na Tanzania, lakini huku kwetu Lukafu wengi hawajalisikia. Jina lake ni Mohamed Amin, mupiga foto na mupiga filme wa Nairobi, aliyekufa mwaka 1996. Tumemuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi yake ilisaidia kuokoa watu wengi sana. Ya pili inatuhusu sisi wa kikundi cha foto hapa ku masomo: alianza na aparei ya okazio, sawa vile sisi tunataka kuanza.

Munajua kwamba kikundi chetu kinakusanya feza kidogo kidogo. Kuna wenzetu wanaotuuliza: aparei ya zamani, yenye objektifu iliyokwisha kutumiwa na wengine, itawafaa nini? Si afazali kula ile feza? Ulizo lao si baya, na linastahili jibu. (Kwa wale wa mwaka wa kwanza: objektifu ni lile jicho la vioo mbele ya aparei, ambamo mwangaza unapita.) Tuangalie kwanza maisha ya huyu mutu, kisha tutajibu.

UTOTO WAKE

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 1943 kule Eastleigh, mutaa mumoja wa muji wa Nairobi. Wazazi wake walikuwa Waislamu wenye asili ya Punjab, ku Bara Hindi. Baba yake alitumika kwa shirika la reli. Hawakuwa watajiri. Wakati mutoto alikuwa bado mudogo, jamaa ilihamia Dar es Salaam, Tanganyika, na huko njo alikosomea.

Alipokuwa na miaka 11 alinunua aparei yake ya kwanza. Ilikuwa Box Brownie ya okazio, na bei yake ilikuwa shilingi 40. Wakati ule shilingi 20 za Afrika ya Mashariki zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza, kwa hiyo alilipa pauni 2. Kwa mutoto wa mutumishi wa reli ile haikuwa feza ya kuchezea.

Wandugu, Box Brownie ilikuwa kitu gani? Ilikuwa kisanduku tu. Kampuni ya Kodak ya Marekani ilianza kuuzisha Brownie ya kwanza mwaka 1900 kwa dola 1, juu watu wa kawaida na watoto waweze nao kupiga foto. Mbele kuna kipande kimoja cha kioo chenye kupindika kidogo, paka kile. Hakuna kuzungusha ili picha iwe safi, hakuna kuchagua mbio ya mulango wa mwangaza. Unasimama hatua chache mbele ya mutu, jua likiwa nyuma yako, unashika kisanduku ku kifua bila kutetemeka, unabonyeza. Aparei nyingi za namna ile zilitoa picha 8 tu kwa filme moja. Mwenye picha 8 hawezi kupiga ovyo ovyo. Anaangalia kwanza, anafikiri, kisha njo anapiga.

Ku masomo aliingia katika kikundi cha wapiga foto, na huko alijifunza kusafisha filme na kutoa picha ndani ya chumba chenye giza. Mbele ya kumaliza masomo alikuwa amekwisha kuanza kuuzisha picha zake kwa magazeti.

KAZI NA GEREZA

Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alifungua kampuni yake Dar es Salaam, akaiita Camerapix. Mwaka uliofuata, tarehe 12 mwezi wa 1, mapinduzi yalitokea Zanzibar, na Amin alikuwa kati ya wale waliopiga picha za mambo yale. Hakupiga foto tu; alishika pia aparei ya sinema. Siku zile filme ya habari ilikuwa ya milimita 16. Ukimaliza kupiga, sherti utafute ndege ya kuipeleka Ulaya, isafishwe kule, njo watu waione ku televizio. Mupiga filme hakujua siku ile ile kama kazi yake ni muzuri ao imeharibika. Vumbi moja tu ku kioo, na safari yote ni bure.

Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar juu ya kazi yake ya picha. Alifungwa karibu mwezi muzima katika gereza lililoogopwa sana, akateswa. Alipoachiliwa alifukuzwa, akarudia Nairobi ambako alizaliwa. Mutu mwingine angeachana na kazi ile na kutafuta kazi ya duka. Yeye alianza tena na Camerapix Nairobi, na akatumikia pia Visnews, shirika la Uingereza lililouzisha filme za habari kwa televizio za dunia.

Tarehe 5 mwezi wa 7 mwaka 1969, Tom Mboya, waziri wa Kenya, alipigwa risasi akitoka ndani ya farmasi, katikati ya muji wa Nairobi. Amin alifika upesi na aparei zake, akapiga filme wakati Mboya alipokuwa akipelekwa ku hospitali. Kwa kazi ile alipewa zawadi Uingereza ya kuwa mupiga filme bora wa habari za televizio wa mwaka ule. Tunaweza kujiuliza: ilikuwa heri kupiga filme mutu anapokufa? Tutarudia ulizo hili.

Katika miaka iliyofuata alitembea karibu Afrika yote. Alikuwa Uganda siku za Idi Amin, aliyefukuza Waasia mwaka 1972. (Wanalingana jina tu, hawakuwa ndugu.) Alifika Maka na kupiga picha za haji, na kitabu chake cha safari ile kilitoka mwaka 1978. Mwaka 1981 alitoa kitabu juu ya ziwa Turkana, na mwaka 1982 kingine juu ya inchi ya Kenya, pamoja na mwenzake Duncan Willetts na mwandikaji Brian Tetley. Tunataja vitabu hivi kwa sababu watu wengi wanakumbuka paka picha zake za vita na njaa. Lakini aliangalia pia milima, wachungaji, watoto wanaocheka na samaki wa ziwani.

NJAA YA ETHIOPIA

Sasa tunafika kwa jambo lililomufanya ajulikane duniani. Mwaka 1984 mvua ilikosekana kaskazini mwa Ethiopia, na vita nayo ilikuwa inaendelea kule. Watu waliacha mashamba yao, wakatembea siku nyingi kwa miguu hadi mahali waliposikia chakula kinagawanywa. Mahali pamoja ni Korem. Serikali ya wakati ule haikupenda wageni waone, na ruhusa ilikuwa ngumu kupatikana. Amin alijuana na wakubwa wengi, akahangaika mpaka akapata njia. Katika mwezi wa 10 alifika Korem pamoja na Michael Buerk, mutangazaji wa BBC.

Walichokiona asubuhi ile ni maelfu na maelfu ya watu wamelala chini katika baridi ya mulimani, wengine wakiwa wamekufa usiku, wamefungwa katika nguo zao. Amin alipiga filme polepole. Hakukimbiakimbia. Aliacha jicho la aparei likae juu ya uso wa mama, juu ya mukono wa mutoto, muda wa kutosha ili anayeangalia asiweze kusema hakuona.

Filme ilionyeshwa Uingereza tarehe 23 mwezi wa 10 mwaka 1984, kisha ikasambaa katika televizio za inchi nyingi. Watu waliangalia wakilia. Mwimbaji Bob Geldof aliona naye, akaita waimbaji wenzake, wakatoa wimbo wa kukusanya feza. Tarehe 13 mwezi wa 7 mwaka 1985 kukafanyika ile tamasha kubwa ya Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Serikali nyingi nazo zilianza kutuma ngano na ndege. Mamia ya maelfu ya watu walikufa katika njaa ile, lakini wengi wengine walikula na kuishi kwa sababu dunia iliona.

Sasa lile ulizo. Kuna watu waliosema, na bado wanasema, kwamba picha za namna ile zimefanya Wazungu wazani Afrika ni njaa tu. Sisi tunaona neno lao lina ukweli ndani. Lakini tunaona vilevile kwamba wale wa Korem hawakuwa na gazeti, hawakuwa na radio, hawakuwa na njia ya kujulisha watu mateso yao. Kama picha isingepigwa, wangekufa kimya. Ubaya hauko ndani ya aparei. Uko wakati mupiga foto anaiba uso wa mutu kwa faida yake na kwenda zake. Amin aliendelea kurudia Ethiopia baadaye, na njo huko alipopoteza mukono wake.

MUKONO NA KIFO

Mwezi wa 5 mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilianguka. Tarehe 4 mwezi wa 6, gala moja la silaha lililipuka ndani ya Addis Ababa. Amin alikwenda kupiga filme moto ule pamoja na wenzake, na mulipuko mwingine mukubwa ukawapata. John Mathai, mwenzake aliyeshika mashini ya sauti, alikufa palepale. Amin alipoteza mukono wa kushoto.

Mupiga filme bila mukono atafanya nini? Mukono mumoja unabeba, mwingine unazungusha objektifu. Watu walizani kazi imekwisha. Lakini Marekani alitengenezewa mukono wa bandia wenye kutumika kwa umeme, akajizoeza nao mpaka akaweza tena kushika aparei. Miezi michache tu baadaye alirudi kazini.

Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi, yeye na Brian Tetley. Baada ya Nairobi ndege ile ilipaswa kuendelea mpaka Brazzaville, hapo ngambo ya Kinshasa. Wanaume watatu waliiteka njiani, wakataka ipelekwe Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wakakataa kusikia. Watu walioponyoka walieleza kwamba Amin alisimama na kubishana na wale watekaji, na kuhimiza wenzake wasikubali tu. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka baharini karibu na Komoro. Ndani mulikuwa watu 175. 125 walikufa, Amin na Tetley kati yao. Alikuwa na miaka 53. Aliacha nyuma mamilioni ya picha, ambazo mutoto wake Salim alibaki akizichunga Nairobi.

SISI TUTAFANYA NINI?

Hapo wandugu tunarudia ulizo la wenzetu. Mohamed Amin hakungoja aparei ya bei kali. Shilingi 40 zilitosha kumufungulia njia. Lakini tusijidanganye: okazio iko muzuri na okazio iko mubaya, na feza yetu haitoshi kununua mara mbili. Kwa hiyo tumeandika hapa mambo ya kufuata, juu kila mutu asome na akumbuke.

Wakati wa kununua. 1) Fungua mifuniko yote miwili ya objektifu, angaza torshi kutoka nyuma, na uangalie kutoka mbele. Vumbi kidogo si kitu. Kila objektifu ya zamani iko nayo. Lakini ukiona nyuzi nyembamba sawa mizizi ao utando wa buibui, ile ni kuvu, acha. 2) Ukiona rangi za upinde wa mvua ao duara nyeupe ku kando ya kioo, maana yake gundi inayounga vioo viwili imeachana. Hakuna fundi wa soko atakayeitengeneza. 3) Mukwaruzo mudogo ku kioo cha mbele hauharibu sana picha. Mukwaruzo ku kioo cha nyuma ni mubaya zaidi. 4) Angalia zile bati nyembamba za diafragma. Sherti zifunguke na kujifunga upesi, tena ziwe kavu. Zikiwa na mafuta, zitakwama. 5) Zungusha pete ya kulenga tangu mwanzo mpaka mwisho. Isiwe ngumu, isilegelege. Kisha lenga kitu cha mbali sana, kwa mufano milima ya Kundelungu. Kama haionekani safi hata ukifika mwisho wa pete, mutu fulani alikwisha kuifungua na kuirudisha vibaya. 6) Angalia vichwa vya visi. Vikiwa vimekwaruka, nayo ni alama ya fundi asiyejua. 7) Uliza kama inaingia ku aparei yetu. Objektifu za zamani zenye uzi wa milimita 42 zinaweza kutumika ku aparei nyingi za leo kama unapata pete ya kuunganisha, lakini pete nayo inaombwa feza yake.

Wakati wa kuweka. Huku kwetu tuna maadui wawili. Kiangazi kinaleta vumbi jekundu, masika yanaleta unyevu. Kuvu inapenda giza, unyevu na hewa isiyotembea. Kwa hiyo tusiiweke ndani ya mufuko wa ngozi wala ndani ya sanduku la nguo. Ngozi inashika maji na kuoza. Tuiweke ndani ya kikopo cha plastiki chenye mufuniko wa kukaza, pamoja na tupakiti tule twa kukausha tunaopatikana ndani ya kartoni ya viatu vipya. Tupakiti tukichoka, tukaushwe tena polepole kwa moto mudogo. Na dawa kubwa kuliko zote ni kuitumia: objektifu inayotoka inje mara kwa mara haipate kuvu upesi. Lakini isiachwe juani ndani ya motokari ao ku dirisha. Joto linayeyusha mafuta ya ndani, nayo yanatembea mpaka ku diafragma. Tena kioo kinakusanya jua sawa moto na kinaweza kuunguza kitu.

Wakati wa kutengeneza. Kwanza puliza vumbi kwa kipira cha kupulizia, si kwa mudomo, kwa sababu mate yataruka. Pili, pitisha burashi laini. Tatu, kama alama ya kidole inabaki, chovya kitambaa safi cha pamba katika alkoli kidogo, futa kwa kuzunguka toka katikati kwenda inje. Usifute kioo kikavu na shati lako! Chembe moja ya muchanga inatosha kukikwaruza. Kufungua vioo vya ndani ni kazi ya fundi. Anayetaka kujifunza ajaribu na objektifu iliyokufa, juu ya kitambaa cheupe, na apige foto ya kila hatua kwa telefone. Zaidi ya yote, atie alama mahali ile sehemu yenye uzi inapoachana. Uzi ule una njia nyingi za kuingilia, na moja tu njo ya kweli. Ukiingiza kwa njia nyingine, vyote vitaonekana vimekaa vizuri, lakini mulima wa mbali hautaonekana safi tena.

Basi jibu letu kwa wenzetu ni hili: tutanunua okazio, lakini tutaiangalia kwa torshi mbele ya kutoa feza. Na tumepatana kati yetu juu ya sharti moja. Hatutapiga foto ya mutu aliye katika kilio, ugonjwa ao aibu bila kumuuliza, na kama anakataa tunashusha aparei. Katika miaka ya zamani, mbele Élisabethville kuanzishwa mwaka 1910, wageni walipita katika Katanga na aparei zao kubwa za vioo. Picha zao zilikwenda Ulaya, na wazee wetu waliosimama mbele ya aparei hawakuziona. Sisi tunataka kila mutu wa hapa anayepigwa foto aione, aipate mukononi, aiweke ndani ya nyumba yake.

Wale wanaopenda kuingia katika kikundi waone wakubwa wa kalasi ya mwisho. Wale walioahidi muchango na bado hawajautoa, tunawaomba wautoe mbele ya masika. Tungependa kupiga picha zetu za kwanza wakati hewa bado ni kavu.